Punguzeni Vikundi, Msipunguze Chakula: Kuandaa Tamasha la Kimataifa la Maigizo kwa Fedha Kidogo

Waandaaji wenzangu, wasanii wa vikundi chipukizi, na nyinyi mafundi wa jukwaa ambao kwenye hotuba huwa hamtajwi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa tamasha la kimataifa la maigizo wakati mfuko hauna kitu. Najua wengine mmekuja na kalamu mkisubiri orodha ya wafadhili. Sitaitoa. Aliyefadhili mwaka jana mwaka huu huenda ameshageukia jambo lingine, na orodha yangu ingechakaa kabla hamjafika nyumbani. Nitazungumzia kitu kilicho mikononi mwenu, nacho ni ukubwa. Msimamo wangu ni kwamba tamasha la fedha kidogo liwe dogo kwelikweli: vikundi vichache, siku chache, ukumbi mmoja au miwili, ili hicho kichache kigharimiwe ipasavyo. Kumwambia mwigizaji ajitafutie pa kulala, au fundi taa afanye kazi bure kwa sababu "atapata uzoefu", watu hukuita kubana matumizi. Gharama iko palepale. Imetoka tu kwenye daftari lenu ikaingia mfukoni mwa kijana ambaye hana kitu.

Mkitaka kuona gharama inavyohama, tazameni Edinburgh, kule Uskoti. Mwaka 1947 tamasha kubwa la sanaa lilianzishwa katika jiji hilo, na vikundi vinane ambavyo havikualikwa vikaenda hivyohivyo, vikatafuta kumbi zao pembeni, vikaonyesha. Ndipo ulipozaliwa mtindo unaojulikana duniani kote kama Fringe: hakuna anayeteua, atakaye na aje. Siku hizi hukusanya maonyesho zaidi ya 3,000 katika mwezi wa Agosti. Mtindo huo nauheshimu. Umewafungulia njia wasanii ambao hakuna kamati ingewagusa. Lakini ulizeni nani analipa. Kikundi hukodi ukumbi, hujilipia malazi katika msimu ambao vyumba vimepanda bei, huchapisha mabango yake, na ukumbi ukibaki mtupu hasara ni yake. Mwandaaji ametoka salama. Kikundi cha watu watano waliomaliza chuo juzi kimerudi na deni.

Avignon, kule Ufaransa, ilianza mwaka huohuo kwa njia nyingine. Mwongozaji Jean Vilar aliteua mwenyewe kazi za kuonyeshwa katika ua wa Kasri la Mapapa. Mwaka 1966 André Benedetto, aliyekuwa na ukumbi mdogo mjini humo, akaonyesha mchezo wake nje ya ratiba rasmi, na upande huo wa nje, unaoitwa Off, sasa una maonyesho zaidi ya 1,000. Halafu kuna Edmonton, Kanada, mwaka 1982. Brian Paisley alichukua wazo la Edinburgh akaligeuza: tamasha lenyewe likaandaa kumbi na mafundi. Matamasha ya Kanada ya mtindo huo yakaja kukubaliana kwamba vikundi vipatikane kwa kura au kwa kuwahi foleni, na kwamba bei ya tiketi aliyoipanga msanii imrudie msanii yote. Tamasha huishi kwa ada ya kujiandikisha, kwa kiasi kidogo kinachoongezwa juu ya tiketi, na kwa wafadhili.

Sisemi muige mmoja mzimamzima. Edmonton chukueni kumbi zenye mafundi waliokwisha kulipwa, na tiketi imrudie msanii. Kwa Vilar chukueni ujasiri wa kuteua. Kura ni ya haki pale penye nafasi nyingi. Ukiwa na nafasi sita tu, na watu wanasafiri kuvuka mipaka kuja kwako, una wajibu wa kujua unawaita waonyeshe nini na mbele ya nani. Ada ya maombi mimi siipendi kabisa. Kumtoza mtu ili umkatae ni biashara mbaya, hata kama ada yenyewe ni ndogo.

Sasa hesabu. Chukueni vikundi sita, kila kimoja watu watano, tamasha la siku tano. Hao ni watu 30. Wakilala usiku tano, ni vitanda 150. Wakila mara tatu kwa siku, ni sahani 450. Bado hujalipa ukumbi, hujachapa tiketi hata moja. Ondoeni vikundi viwili: vitanda vinashuka hadi 100, sahani hadi 300, na ratiba inapata pumzi. Kila mwandaaji ninayekaa naye mezani huanza kwa kukata posho ya mafundi na karatasi za matangazo, vitu ambavyo vikiondolewa vyote havifikii gharama ya kikundi kimoja. Kateni kutoka juu, kwenye idadi. Na mkiteua, tazameni pia ukubwa wa kikundi. Hakuna aibu kuandika kwenye tangazo la wito kwamba mnapokea maigizo ya watu wasiozidi watano pamoja na fundi wao. Mwongozaji Jerzy Grotowski alipoanza kazi Opole, Poland, mwaka 1959, alikuwa na ukumbi mdogo ulioitwa kwa idadi ya safu zake za viti: 13. Humo ndimo alimofikia uamuzi wa kuondoa mapambo na taa za mbwembwe na kubaki na mwigizaji na mtazamaji, na kazi hiyo ilibadilisha uigizaji wa dunia nzima.

Kwenye uteuzi nitapita haraka. Ombeni video ya mchezo mzima, kamera moja iliyosimama mahali pamoja, isiyokatwakatwa. Zile video za dakika mbili zenye muziki mzito zinaonyesha ufundi wa mhariri. Simu iliyowekwa nyuma ya ukumbi itawaonyesha mchezo unavyopumua na watazamaji wanaanza kukohoa wapi. Mseme pia wazi chipukizi ni nani kwenu. Mimi napima kwa umri wa kikundi. Umri wa watu sihesabu, kwa sababu mtu wa miaka 50 aliyeanzisha kikundi mwaka juzi ni chipukizi kama wengine.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo: saa za ukumbi. Ukiuliza waandaaji wapya nini kinawapungukia, watakujibu fedha. Ukikaa nao wiki ya tamasha utaona kinachowapungukia ni saa. Mchezo wa saa moja unahitaji walau saa nne za kupanga taa, kujaribu sauti na kupita vituo vyote vya kubadilisha taa na sauti pamoja na fundi. Ukumbi mmoja, maonyesho matatu kwa siku, mafundi wawili: pigeni hesabu mwone kama watalala. Dawa yake ni mpangilio mmoja wa taa kwa vikundi vyote. Unafungwa siku moja kabla ya tamasha na haushushwi mpaka mwisho. Mchoro wake unatumwa kwa vikundi miezi miwili mapema, ukionyesha taa ngapi zinatoka mbele, ngapi pembeni na ngapi nyuma, na zipi rangi yake inaweza kubadilishwa. Kila kikundi kinaruhusiwa taa mbili au tatu za ziada za kuelekeza kinapotaka. Vitalalamika. Halafu vitagundua kwamba mchezo unasimama vizuri hivyohivyo.

Kuna kazi ndogo ambayo nikifika tamashani huitazama kwanza, nayo ni utepe wa sakafuni. Kila kikundi kinapewa rangi yake: nyekundu, njano, buluu, nyeupe. Baada ya mazoezi ya kiufundi, msimamizi wa jukwaa anapiga magoti na kubandika vipande vifupi kwenye kila kona ya meza, kila mguu wa kiti, kila mahali ambapo mwigizaji lazima asimame ili taa imkute. Kwenye daftari lake ameandika: njano, meza moja, viti viwili, ndoo kulia. Mchezo wa kwanza ukiisha ana dakika 15 za kutoa, na wa pili una dakika 15 za kuingiza. Penye rangi, watu wanne wanabeba kimyakimya na meza inatua ilipotakiwa. Pasipo na rangi, mwongozaji anasimama katikati akielekeza kwa mikono, foleni inanung'unika mlangoni, na ratiba ya usiku mzima imekwisha kuharibika. Utepe ni wa bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye bajeti yenu. Nunueni mwingi.

Na umeme. Matamasha madogo mara nyingi huingia kwenye kumbi ambazo hazikujengwa kwa maigizo: madarasa, maghala, kumbi za mikutano. Taa ya jukwaani ya zamani hula wati 1,000. Laini ya ampea 16 kwenye volti 230 hubeba takriban wati 3,600, kwa hiyo ni taa tatu, na ya nne itazima ukumbi katikati ya onyesho. Taa 12 za namna hiyo zinataka wati 12,000, na jengo la kawaida huenda halina laini za kutosha. Taa za LED hula sehemu ndogo tu ya hizo na hazichomi hewa ya chumba kidogo. Zikiwezekana, kodini hizo, hata kama kuzikodi ni ghali kidogo. Na kabla ya kusaini mkataba wa ukumbi, nendeni na fundi umeme mwenye leseni, mfungue sanduku la fyuzi. Mtazame na milango ya dharura: ipo mingapi, na je, inafunguka kutoka ndani? Idadi ya watu inayoruhusiwa na zimamoto ndiyo idadi ya tiketi. Viti vya ziada vya kubebwa mkononi visiwepo.

Nije kwenye viza, maana neno kimataifa linaanzia hapo. Matamasha mengi hutangaza vikundi vilivyoteuliwa wiki nane kabla ya ufunguzi, kisha hushangaa nusu yao wasipofika. Chukueni mfano wa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu zifike 45, na hapo hujahesabu wiki za kusubiri miadi ya ubalozi, ambako katika miji mingine ndiko muda unakoishia. Mwombaji lazima awe na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000. Marekani mambo ni mazito zaidi: msanii anayekwenda kufanya onyesho la malipo kwa kawaida hahesabiwi mtalii, na mwenyeji ndiye hutangulia kupeleka ombi la kumwombea kibali. Kwa hiyo, uteuzi ukamilike miezi sita au saba kabla. Kikundi kinachotoka kwenye nchi ambayo pasipoti yake husumbuliwa kipewe jibu kwanza, hata kabla ya wengine kujua.

Barua ya mwaliko nayo ina ufundi wake. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwigizaji anayejulikana kwa jina la jukwaani aandikwe jina lake halisi. Itajwe namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, anuani atakapolala, nani analipa tiketi, nani analipa chakula, na malipo ya kazi ni kiasi gani. Isainiwe na mtu anayepokea simu, kwa sababu ubalozi hupiga. Mmoja mmoja apewe barua yake, pamoja na ile ya kikundi. Nimeshaona barua nzuri sana zenye kusifu utamaduni na udugu wa mataifa, zisizo na tarehe hata moja. Afisa wa viza hana haja na udugu.

Na bado kuna watakaokataliwa. Andaeni hilo kwenye mkataba tangu mwanzo: mwigizaji mmoja akinyimwa, je, kikundi kinaweza kuja na toleo dogo? Wote wakinyimwa, mtaonyesha video yao mbele ya watazamaji huku wao wakiwa kwenye mtandao kujibu maswali? Malipo yao watapata? Mimi nasema wapate, walau sehemu, kwa sababu kazi ya kufanya mazoezi na kukusanya hati wameshaifanya.

Mizigo ni jambo fupi. Mchezo uingie kwenye mabegi ambayo waigizaji wanaruhusiwa kupanda nayo ndege, na mashirika mengi hutoa begi moja la kilo 23. Meza, viti, ngazi na kitanda andaeni nyinyi. Tumeni picha na vipimo vyake ili wafanyie mazoezi kwa vitu vya ukubwa huohuo. Mkiwa na mandhari makubwa ya kusafirisha mtaingia kwenye hati za forodha za kupitisha mali kwa muda, ile inayoitwa ATA Carnet, ambayo inataka dhamana na haizidi mwaka mmoja. Hiyo waachieni wenye nguvu. Na tafadhali, bunduki ya mbao na kisu cha plastiki visibebwe mkononi kupanda ndege. Mnacheka, lakini kuna watu wamekosa safari.

Haki za mwandishi. Mkataba wa Berne wa 1886, kama ulivyo sasa, unalinda kazi kwa walau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimeweka 70. Shakespeare ni huru, lakini tafsiri aliyoifanya mtu miaka kumi iliyopita si huru. Bertolt Brecht, mwandishi wa maigizo wa Kijerumani, alifariki mwaka 1956, kwa hiyo penye kanuni ya miaka 70 kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2026. Kinachoangaliwa ni sheria ya nchi ambako onyesho linafanyika, basi msikubali jibu la "kwetu tulionyesha bila tatizo". Kikundi kilete kibali kwa maandishi kabla ratiba haijachapwa. Muziki vilevile.

Lugha huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Maandishi ya tafsiri yanayoonyeshwa juu ya jukwaa hayahitaji mitambo ya ajabu: kompyuta moja, projekta moja, na mtu anayeijua lugha ya mchezo ambaye amehudhuria mazoezi. Huyo mtu ndiye mtambo wenyewe. Mistari isizidi miwili kwa mara moja, herufi 40 hivi kila mstari, na muwe na ukurasa mweusi mtupu wa kukimbilia mwigizaji anapoamua kubuni maneno yake. Msitafsiri kila neno. Mtazamaji akisoma mfululizo hatazami. Kuna michezo, hasa ile inayobebwa na mwili, ambayo karatasi moja yenye muhtasari wa kila onyesho inaitosha kabisa, na mchezo unakuwa bora hivyo.

Nirudi kwenye fedha, maana mmenivumilia. Tatizo mnalolijua ni kiasi. Linalowaangusha watu ni wakati. Wafadhili wengi hubakiza sehemu ya mwisho mpaka wapokee ripoti, wakati ukumbi unadai malipo ya awali na tiketi za ndege hazikopeshwi. Andikeni bajeti mbili: moja ya kiasi, na nyingine inayoonyesha wiki gani nini kinaingia na nini kinatoka. Ikiwa kwenye wiki yoyote mstari unakwenda chini ya sifuri, hamna tamasha, hata kama jumla inasawazika. Mapato ya tiketi yahesabuni kwa nusu ya ukumbi, na asilimia kumi ya bajeti muifungie kwa ajili ya dharura. Na msisahau kodi: nchi nyingi hukata kodi kwenye malipo ya msanii mgeni pale anapofanyia onyesho. Mwambieni msanii mapema atapokea kiasi gani baada ya makato, na mpeni hati ya makato ili nyumbani asitozwe mara ya pili.

Wanaojitolea tuwapende, lakini tujue pa kuwaweka. Mlangoni, kwenye mapokezi ya wageni, kwenye kuongoza watu mpaka kwenye viti, wanafaa sana. Juu ya ngazi akifunga taa yenye uzito wa kilo kumi juu ya vichwa vya watu, awe fundi, alipwe, na afunge mnyororo wa usalama kila taa.

Kikundi chipukizi hakiji kwenu kwa ajili ya onyesho moja tu. Kikundi kinataka kuonekana na watu wanaoweza kukialika kwingine, kinataka rekodi nzuri ya kazi yake, na kinataka kutazama wenzake. Hapa ndipo udogo unapowafaa. Penye vikundi vinne, kila kimoja kinaweza kutazama vingine vyote, kikaonyesha mara mbili badala ya mara moja, na onyesho la pili daima huwa bora. Waalikeni waandaaji wengine wachache, muwaombe wakae siku tatu, na wale meza moja na wasanii. Mazungumzo ya kitaaluma yenye jopo na maikrofoni sijaona yakimpatia mtu mwaliko. Kwenye sahani ya mchana nimeona. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe lisubiri mpaka amalize kuonyesha, kisha abebe viti na wenzake, maana hata huko ndiko watu hufahamiana.

La mwisho ni usiku wa kufunga. Kabla kikundi hakijapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, kiwe na karatasi inayoonyesha tiketi ngapi ziliuzwa, ngapi zilitolewa bure, nini kimekatwa na nini kinabaki, na hicho kinachobaki kiwe kimeshalipwa au tarehe ya kulipwa imeandikwa na kusainiwa. Deni la msanii aliye nchi nyingine ni rahisi kusahaulika. Na mkiona fedha za kufanya hivyo kila mwaka hazipo, fanyeni kila baada ya miaka miwili.

Nimeambiwa kuna maswali kuhusu bima ya ukumbi na kuhusu vikundi vyenye watoto jukwaani. Tuanze na hilo la watoto, maana lina masharti mengi zaidi. Asanteni.